Kopi za Ng'ong'ona, mbegu za Chamwino na tarehe 1 Julai 2034

Kila muhula nikianza kufundisha miliki ubunifu, yaani haki za mtu juu ya kazi za akili yake, naandika ubaoni tarehe moja: 1 Julai 2034. Hiyo ndiyo siku ambayo nchi zenye maendeleo duni, Tanzania ikiwemo, zinatakiwa ziwe zinautekeleza Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, unaoweka viwango vya kulinda miliki ubunifu, kikamilifu. Mkataba wenyewe ulianza kufanya kazi Januari 1995. Sisi tulipewa muda hadi 2006, ukasogezwa hadi 2013, ukasogezwa tena hadi 2021, na sasa tumefika kwenye 2034. Kwa dawa kuna muda wake wa peke yake, hadi 1 Januari 2033.

Hapo hakosekani wa kunyoosha mkono: "Madam, si tuliambiwa tumeingia uchumi wa kati mwaka 2020?" Tuliingia, ndiyo, kwa vipimo vya Benki ya Dunia. Orodha ya nchi zenye maendeleo duni ni ya Umoja wa Mataifa, ina vigezo vyake, na kutajwa kwenye moja hakukuondoi kwenye nyingine. Siku tutakapoondoka kwenye orodha hiyo ndipo muda wetu utakapokwisha, hata kama 2034 haijafika.

Naing'ang'ania tarehe hii kwa sababu moja. Wasomi wa sheria wa Marekani, Ulaya na India wamebishana kwa zaidi ya miaka thelathini: hakimiliki idumu muda gani, hataza, yaani haki ya pekee ya mvumbuzi, itolewe kwa kitu gani, intaneti iwekewe sheria zake au itumie zilizopo. Ubishi huo bado unaendelea, na hakuna upande ulioshinda. Lakini sisi huku mara nyingi tunaletewa jibu la upande mmoja likiwa limeshachapwa kama sheria ya mfano, tunabadilisha jina la nchi, tunapitisha. Mimi naona tuna haki ya kuusikia ubishi wenyewe kwanza, na tuna ruhusa ya kisheria ya kuchagua.

Nianze na kopi, maana ndiko ninakoulizwa zaidi.

Ukishuka kutoka chuoni kwetu hapa Dodoma kuelekea Ng'ong'ona, zile steshenari zinazotazamana na vijumba vya wanafunzi hufunguliwa asubuhi sana na kufungwa usiku. Kuna dada mmoja ambaye mashine yake inajulikana kwa kutokwaruza karatasi. Anatoa kopi kwa shilingi 50 ukurasa, anabaindi kwa spairo, na kwa kukaa hapo miaka mingi amezijua kozi zetu kuliko baadhi ya wanafunzi. Anajua mwezi ambao mwaka wa pili watakuja na kile kitabu chekundu cha mikataba, anajua sura wanazotaka, na huwa ameshatenga rimu za kutosha. Ukutani amebandika karatasi yenye herufi kubwa: HATUTOI KOPI YA KITABU KIZIMA.

Siku moja nikisubiri kazi yangu akaniuliza, kwa sauti ya chini ili wateja wasisikie, "Mwalimu samahani, hivi hawa watu wa hakimiliki wakija, mimi nitahesabiwa nimeiba?"

Swali hilo linastahili jibu la kweli. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999, ina kifungu cha 12 kinachotaja matumizi ambayo hayahitaji idhini ya mtunzi wala malipo. Mtu anaruhusiwa kunakili kazi iliyokwisha kuchapishwa kwa matumizi yake binafsi. Anaruhusiwa kunukuu. Mwalimu anaruhusiwa kutumia kazi ya mtu kama mfano katika kufundisha, kwa kiasi ambacho lengo la kufundisha linahitaji, mradi amtaje mwenyewe. Kwa hiyo mwanafunzi anayenakili sura mbili za kusoma hana kosa. Pasipo jibu la wazi ni pale mwanafunzi asiye na mashine anapomlipa mwenye mashine amfanyie jambo ambalo yeye mwenyewe anaruhusiwa kulifanya. Mkono uliobonyeza kitufe ni wa dada, na dada amepokea hela.

Swali hilohilo lilifika mahakamani Delhi. Mwaka 2012 wachapishaji watatu wakubwa, Oxford University Press, Cambridge University Press na Taylor & Francis, walikishtaki Chuo Kikuu cha Delhi pamoja na kibanda cha fotokopi kiitwacho Rameshwari, kilichokuwa katika eneo la Delhi School of Economics. Kibanda kilikuwa kikikusanya sura zilizopangwa na walimu, kinazinakili, kinazibaindi pamoja na kuwauzia wanafunzi. Yaani kazi ileile ya dada wa Ng'ong'ona. Kesi ikiwa bado mbichi, wasomi zaidi ya 300, baadhi yao wakiwa ndio watunzi wa vitabu vilivyokuwa vinalalamikiwa, waliwaandikia wachapishaji barua ya wazi wakiwaomba waiondoe.

Tarehe 16 Septemba 2016 Jaji Rajiv Sahai Endlaw aliwapa ushindi chuo na kibanda. Hoja yake kuu nawasomesha wanafunzi taratibu, sentensi kwa sentensi: hakimiliki haikushuka kutoka mbinguni wala si haki ya asili ya binadamu. Ni haki iliyotungwa na sheria ili maarifa yazidi kuzaliwa na umma ufaidike. Na kama mwanafunzi angeweza kukaa maktaba akanakili kwa mkono, mashine kuirahisisha kazi hiyo hakuigeuzi kuwa kosa. Desemba mwaka huohuo, katika rufani, majaji walisema kinachopimwa ni kama nakala inahitajika kwa lengo la mafundisho, ingawa waliyarudisha baadhi ya mambo yakasikilizwe upya. Machi 2017 wachapishaji wakaiondoa kesi.

Ningeweza kuishia hapo na kumwambia dada alale usingizi. Lakini kuna mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa sekondari, anakaa Nkuhungu, ameandika kitabu cha mazoezi kwa fedha zake za kiinua mgongo. Alilipa kiwanda cha uchapaji, akabeba maboksi mwenyewe kwenye daladala, akaacha nakala tano duka hili na kumi duka lile. Aliporudi kukusanya hela akakuta nakala zake bado ziko rafuni, na pembeni yake kitabu chake kilekile, kimetolewa kopi chote, kinauzwa nusu bei. Alikuja ofisini kwangu na nakala zote mbili, ile halali na ile ya kopi, akaziweka mezani. Ya kopi ilikuwa imekatwa pembeni kiasi kwamba namba za maswali hazionekani. Akasema, "Mwanangu, mimi nililala saa nane usiku miezi yote hiyo ili fulani aje kuvuna?"

Hapo ndipo mjadala wa wasomi unaponisaidia kweli. Robert Merges wa Berkeley alitetea mwaka 2011 kwamba haki ya mtunzi inasimama juu ya haki na utu: mtu aliyeitoa kazi kwa jasho na akili yake ana dai juu yake, tuwe tumeshapima faida kwa uchumi au hatujapima. Mark Lemley wa Stanford akamjibu mwaka 2015 kwamba hiyo ni imani, na sheria haipaswi kujengwa juu ya imani. Kwake, hakimiliki na hataza ni kizuizi kwa watu wengine wote, kwa hiyo anayekitaka kizuizi alete ushahidi kwamba kinaongeza ubunifu. Nikimsikiliza mzee wa Nkuhungu namsikia Merges. Nikisimama kwenye foleni ya Ng'ong'ona nikamwona kijana anayehesabu kama bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, litatosha chakula na kopi, namsikia Lemley.

Msimamo wangu ni huu. Sura za kitabu cha kigeni kinachouzwa zaidi ya dola mia moja, zilizopangwa na mwalimu kwa ajili ya kozi, zinakiliwe, na steshenari inayozinakili ilindwe na sheria kwa maneno ya wazi. Kitabu kizima cha mtunzi kilichopo dukani kwa bei ambayo mwanafunzi wa hapa anaimudu kisinakiliwe, na anayekifanyia biashara ashtakiwe. Vitu hivi viwili vinatenganishika. Sheria inaweza kuangalia kama kitabu kinapatikana nchini, kwa bei gani, na ni kiasi gani kimenakiliwa. Walioandika kiambatisho cha Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, mwaka 1971 walijaribu jambo la jinsi hiyo: nchi inayoendelea inaweza kutoa leseni ya kuchapa upya kitabu kisichopatikana kwa bei ya kawaida ya nchini, baada ya kusubiri miaka mitatu kwa vitabu vya sayansi, mitano kwa vingi vingine, na saba kwa riwaya, mashairi na tamthilia. Karibu hakuna nchi iliyofaidika nacho. Ruth Okediji, msomi mwenye asili ya Nijeria anayefundisha Harvard, ameeleza kwa miaka mingi kwa nini: masharti ni mazito, subira ni ndefu, na nchi maskini haina watumishi wa kulisukuma faili hilo. Miaka mitatu ndiyo shahada nzima. Kwa hiyo njia hiyo siitegemei. Berne hiyohiyo, ambayo Tanzania ni mwanachama tangu 1994 na inatubana bila kujali mambo ya 2034, inaruhusu kazi itumike kufundishia kwa kiasi kinachohalalishwa na lengo. Humo ndimo Wahindi walimopitia, na sisi tunaweza kupita.

Kuhusu muda wa hakimiliki nitasema machache, kwa kuwa hapa tuko salama tusipojiharibia. Mwaka 1998 Bunge la Marekani liliongeza miaka 20 kwenye hakimiliki, hata kwa vitabu ambavyo watunzi wake walishakufa. Eric Eldred, aliyekuwa akiweka vitabu vya zamani kwenye intaneti bure, alikwenda mahakamani akisimamiwa na profesa Lawrence Lessig. Wachumi 17, watano kati yao wenye tuzo ya Nobel, waliiandikia Mahakama ya Juu kwamba marehemu hawezi kushawishika kuandika zaidi. Walishindwa Januari 2003, majaji saba kwa wawili. Sheria yetu ya 1999 iliweka uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo. Shaaban Robert alifariki Juni 1962, hivyo kwa hesabu hiyo kazi zake ziliachwa huru hapa nchini mwisho wa 2012. Shule yoyote ya Kongwa au Mpwapwa inaweza kuzichapa na kuwagawia watoto. Tungekuwa tumeiga nyongeza ya Wamarekani, tungesubiri hadi mwisho wa 2032. Mtu akija na mswada wa kuongeza miaka hiyo, aulizwe kwanza ni mtoto gani wa Mpwapwa atakayefaidika.

Na kuna mahali ambapo ubishi uliisha vizuri. Juni 2013 mataifa yalikubaliana Marrakesh kwamba vitabu vinaweza kugeuzwa kuwa vya nukta nundu, sauti au maandishi makubwa kwa ajili ya wasioona bila kuomba idhini, na nakala hizo zikavuka mipaka. Tanzania ilijiunga 2020. Buigiri, hapo Chamwino, kuna shule ya siku nyingi ya watoto wasioona. Kwa watoto wale mkataba ule ni kitabu mkononi, na ndiyo maana sikubali nikiambiwa kwamba kulegeza hakimiliki ni ndoto za wasomi.

Intaneti sasa. Mwaka 1996, katika kongamano Chicago, Jaji Frank Easterbrook aliwaambia wanasheria waache kufundisha kitu kinachoitwa sheria ya mtandao. Alisema ni sawa na kufundisha sheria ya farasi: kuna kesi za kuuza farasi, za farasi kupiga watu mateke, za mbio za farasi, lakini ukizikusanya hupati somo, unapata vipande. Fundisha mikataba, fundisha sheria ya madhara (mtu anapomdhuru mwenzake), farasi watajipanga humo. Nilipoieleza hoja hii darasani kijana mmoja kutoka nyuma akauliza, "Basi na bodaboda tungewaachia sheria ya usalama barabarani ya zamani?" Darasa zima likaanza kuzungumza kwa pamoja, na kilichotoka humo kilikuwa kizuri kuliko muhtasari wangu. Mmoja akasema bodaboda ilibadilisha nani anabebwa, saa ngapi na kwa bei gani, kwa hiyo ilileta maswali ambayo sheria ya zamani haikuwahi kuulizwa.

Lessig alimjibu Easterbrook mwaka 1999 karibu kwa njia hiyo. Alisema tabia ya mtu hudhibitiwa na sheria, desturi, soko, na jinsi kitu kilivyojengwa. Kwenye mtandao hicho cha nne ni programu yenyewe, na mara nyingi ndiyo inayotawala bila kupitia bungeni. Sikuhitaji kutafuta mfano mbali. Nilifungua kwenye skrini ya darasa kitabu cha kielektroniki ambacho maktaba inakilipia. Msomaji mmoja tu kwa wakati. Akiwa ameingia mwanafunzi wa Makulu, wa Nzuguni anaambiwa asubiri. Kunakili maandishi kumezuiwa, hata aya moja ya kunukuu kwenye utafiti. Kifungu cha 12 kinampa mwanafunzi ruhusa ya kunukuu. Programu inamnyima, na hakuna afisa wa kumlalamikia. Marekani walikwenda mbali zaidi mwaka 1998 wakafanya kuvunja kufuli za namna hiyo kuwa kosa, na wasomi wao wengi, Jessica Litman na Pamela Samuelson wakiwemo, wamelipinga jambo hilo tangu lilipokuwa mswada. Kwetu iandikwe wazi kwamba ruhusa iliyotolewa na sheria haifutwi na kufuli la programu wala na masharti ya leseni ambayo hakuna aliyeyasoma.

Nimebakiza mbegu, na hapa ndipo roho yangu ilipo.

Baba yangu mdogo analima uwele na mtama Chamwino. Kabla ya mavuno hupita shambani peke yake akichagua masuke: yaliyojaa hadi ncha, yaliyobana punje, yaliyotoka kwenye shina lililovumilia jua la Januari mvua ilipokatika. Anayafunga mafungu, anayatundika jikoni juu ya moto ili moshi uyakinge na wadudu. Msimu ukifika anapanda, na majirani waliopoteza mbegu wanakuja kuomba. Anatoa. Mwaka mwingine anaomba yeye. Mbegu mpya nazo zimeingia katika mzunguko huohuo, maana mtu akipata aina iliyotolewa na watafiti ikamfaa, anaitundika jikoni kama zile nyingine.

TRIPS inazitaka nchi zilinde aina mpya za mimea kwa hataza, au kwa mfumo wao wenyewe unaofaa. Wao wenyewe. Haitaji UPOV, ule umoja wa kimataifa wa haki za wagunduzi wa mbegu, yaani wanaozalisha aina mpya. Na mwaka 2015 sisi hatukudaiwa hata hicho, kwa kuwa muda wetu ulikuwa haujafika. Hata hivyo tulipitisha sheria ya haki za wagunduzi wa mbegu mwaka 2012, na 2015 tukaingia UPOV kwa masharti ya mwaka 1991, yale makali. Kwa masharti hayo, mkulima kutunza mbegu ya aina iliyosajiliwa na kuipanda tena ni jambo ambalo nchi inaweza kuliruhusu, kwa mipaka, shambani kwake mwenyewe. Kumpa jirani hakumo. Aina za asili haziguswi, na hilo nalisema kila mara kwa sababu watu vijijini wametishwa kupita kiasi. Lakini kadiri aina zilizosajiliwa zinavyoenea, ndivyo jiko la baba mdogo litakavyozidi kuwa na mbegu ambazo hana uhakika nazo.

India walichagua njia nyingine. Sheria yao ya 2001 inamlinda mgunduzi wa mbegu, na katika sheria hiyohiyo inampa mkulima haki ya kutunza, kupanda, kubadilishana, kugawa na hata kuuza mbegu ya aina iliyolindwa, mradi asiiuze kwenye mfuko wenye jina la kibiashara. Mgunduzi anabaki na soko la mifuko, mkulima anabaki na jirani yake. Hawakuingia UPOV, na kilimo chao hakikufa.

Wenzangu wengine wanataka tujitoe UPOV. Mkataba unaruhusu: unatoa taarifa, na unakuwa nje mwisho wa mwaka unaofuata. Mimi naona tuanze na lililo karibu. Mkataba huo wa 1991 hauyagusi matumizi ya mtu binafsi yasiyo ya kibiashara, na UPOV wenyewe wamekiri kwamba nchi ina nafasi ya kumruhusu mkulima mdogo kubadilishana mbegu ya aina iliyosajiliwa kwa mahitaji mengine muhimu ndani ya jamii yake, ikiwa maslahi ya mgunduzi hayaumii sana. Hilo likiandikwa kwenye kanuni zetu kwa Kiswahili, kwa jina la uwele, mtama, karanga na alizeti, afisa ugani wa Chamwino atakuwa na karatasi ya kumwonyesha mkulima. Halihitaji kwenda Geneva. Linahitaji waziri na saini.

Nimeandika rasimu ya kanuni hiyo, kurasa mbili, na nimeiambatanisha na maoni yangu kuhusu kifungu cha 12, pamoja na aya ya kuilinda steshenari inayonakili sura za kozi. Kamati za Bunge huita wadau miswada inapofika, na sisi wa Dodoma hatuna kisingizio cha nauli. Wewe ni wakili, mkutubi, mwalimu au unafanya kazi na wakulima? Niandikie nikutumie. Nahitaji hasa mtu anayejua mbegu za alizeti zinavyopita mkono kwa mkono Kondoa na Singida, kwa sababu aya ya alizeti bado ni dhaifu.